Damu ya Mwalimu

Mwalimu hakuwahi kunywa kitu katika nyumba ya mtu kabla mwenye nyumba hajakionja. Desturi ya kuonja ipo kwetu, na wazee huifanya haraka, tone moja kwenye ulimi, mazungumzo yakaendelea. Yeye aliigeuza kuwa mtihani. Alipokuja kwetu Cyanzarwe mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na minne, mama alimletea maji ya kuchemsha kwenye glasi tuliyowawekea wageni. Mwalimu aliipokea, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, kisha akamrudishia.

"Kunywa nusu," alisema.

Mama akanywa nusu. Mwalimu akaangalia saa yake, akangoja. Baada ya dakika kadhaa akasema hana kiu.

Na alikuwa amekuja kwa jambo jema, hilo ndilo linaloniudhi. Alitembea kwa miguu kutoka mjini, kwenye mvua, kuja kumwambia mama asinitoe shuleni kwenda kubeba viazi hadi mpakani, kwa sababu nina kichwa cha sayansi. Mama alikubali. Leo nafanya kazi katika maabara ya hospitali kwa sababu ya safari ile. Kila ninapotaka kumdharau kikamilifu, nakutana na viatu vyake vilivyojaa tope mbele ya mlango wetu. Navisogeza pembeni, naendelea kumdharau.

Tulimwita Mwalimu tu, bila jina, na alipenda iwe hivyo. Alikuwa mmoja wa waliorudi Rwanda kutoka Tanzania, na alirudi na Kiswahili chake kama wengine walivyorudi na ng'ombe. Gisenyi ni mji wa Kiswahili cha njiani: kina Kinyarwanda ndani yake, kina Kifaransa, kina Goma nzima, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka. Kwake huo ulikuwa uchafu. Aliwasimamisha wanawake wanaovuka mpaka na mabeseni ya nyanya kichwani, shingo zimekaza kwa uzito, ili awasahihishe.

"Si mutu. Ni mtu. Rudia."

Mwanamke anarudia, beseni kichwani, foleni inampita. Katika mazishi ya jirani yetu mmoja, mjane alilia akisema, "Bwana yangu iko ameniacha," na Mwalimu, aliyekaa mstari wa pili, akanong'ona kwa sauti iliyowafikia hata wachimba kaburi: "Ameniacha. Hiyo *iko* haihitajiki."

Kiswahili ninachoandikia hapa ni chake. Sikupewa kingine cha kuandikia.

Alivaa suti ya rangi ya udongo mwaka mzima, na mfukoni alikuwa na leso nyeupe ya kufutia viti. Alifuta kila kiti kabla ya kukikalia, hata benchi la kanisani, hata kiti alichofutiwa na mwenyeji mbele ya macho yake. Hakuwahi kusema "sijui." Mwanafunzi akimuuliza jambo asilolijua, alimjibu kwamba jambo hilo halimo katika mtaala. Siku moja ardhi ilitetemeka tukiwa darasani, kama inavyotetemeka mara kwa mara kwetu sisi tunaoishi chini ya volkano. Mwalimu alikuwa nje kabla chaki yake haijafika sakafuni. Tulimkuta amesimama karibu na mlingoti wa bendera, ameshafunga vifungo vya koti. Akatupa adhabu darasa zima kwa kutoka bila mpangilio.

Lakini alijua kufundisha, na nikikana hilo nitakuwa nimejifunza uongo kwake pia. Alitufundisha Kiswahili na baiolojia. Wiki ya somo la damu alikuja na damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, ndani ya chupa ya soda, akiwa ameitia chumvi fulani ya maabara ili isigande. Akaiweka dirishani, akatukataza kuigusa. Kesho yake damu ilikuwa imejitenga: nyekundu chini, na juu yake kitu cha njano, kama mafuta mepesi ya kupikia.

"Hii ndiyo plazma," alisema. "Ninyi mnaona maji. Humu mna protini za mamia ya aina, kila moja ina kazi yake. Namna ya kuzitengeneza umeipokea kwa baba yako na mama yako. Huyu ameipokea na tofauti kidogo hapa, yule pale. Tofauti nyingi hazina madhara, hata mwenyewe hazijui maisha yake yote. Nyingine zinaua. Andikeni."

Tukaandika. Nilikaa dawati moja na mwanawe, Placide, na nakumbuka Placide aliandika haraka kuliko sisi wote.

Placide alikuwa mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Katika mwaka wetu wa tatu wa sekondari, tukicheza voliboli, mpira ulimgonga mdomoni. Haukumgonga kwa nguvu. Baada ya saa mbili mdomo wa juu ulikuwa mnene kama kiazi, na kufikia kengele ya mwisho jicho moja lilikuwa limefunga. Haikumwasha. Haikuwa nyekundu. Nilikimbia kumwita baba yake. Mwalimu alimtazama mwanawe kwa muda, bila kushtuka hata kidogo, halafu akanishika bega.

"Ni nyuki," aliniambia.

"Ni mpira, Mwalimu. Nilikuwepo."

"Binti, ni nyuki. Ukiulizwa, ni nyuki."

Nilipoulizwa, nikasema nyuki. Mwaka ule nyuki walimuuma Placide mara nne: mdomoni, mkononi, mguuni, na mara moja tumboni, ambako hawakuacha alama yoyote ila alitapika siku mbili akiwa amejikunja sakafuni.

Tulimaliza shule, mimi nikaenda kusomea maabara, na niliporudi kutafuta kazi ni Mwalimu aliyeniandikia barua ya kunipendekeza hospitalini. Barua nzuri sana. Bado ninayo. Placide akawa fundi wa umeme, na akamuoa Furaha, binti wa Goma aliyekuwa akiuza vitenge upande huu wa mpaka. Nusu ya Gisenyi ina shangazi Goma. Nyanya yangu mwenyewe alitoka huko. Mwalimu aliikataa ndoa ile kwa sentensi moja tu, akairudia hadi siku ya harusi: "Watu wa kule wanajua sumu."

Hofu ya sumu si yake peke yake. Huku kwetu mtu akikonda ghafla, akitapika, akivimba, jambo la kwanza linaloulizwa ni alikula kwa nani. Lakini watu wengine wanaogopa kwa sababu hawajui. Mwalimu aliyekuwa amesimama mbele yetu na ile chupa dirishani alikuwa na kitu kingine.

Furaha alihamia nyumba ya nyuma, katika uwanja huohuo wa baba mkwe wake, na kwa kuwa mke wa Mwalimu alikuwa amefariki, yeye ndiye aliyempikia. Kila sahani aliionja mbele yake. Miaka mitatu.

"Mi nakula mara mbili kila siku," aliniambia siku moja akicheka, tukikaanga sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, nyuma ya nyumba. "Nitanenepa juu ya woga ya Muzee."

Placide akaendelea kuvimba, kama alivyovimba siku zote. Ila sasa hakukuwa na nyuki tena. Nyuki walihama siku Furaha alipoingia katika ile nyumba. Mkono ukivimba, Mwalimu aliwaambia majirani: sumu. Tumbo likimkaza, sumu. Alimleta mganga wa kutapisha kutoka Kanzenze, yeye aliyekuwa akitucheka tukitaja waganga, na Placide alitapishwa hadi akakosa nguvu ya kupanda ngazi kazini. Mimi nilijua kwamba uvimbe ule ni mkubwa kwa umri kuliko ndoa. Sikujua ni ugonjwa gani. Lakini hilo la umri nililijua vizuri.

Halafu Placide aling'olewa jino. Asubuhi aling'olewa, akarudi nyumbani akitania kwamba sasa atakula kwa upande mmoja. Saa saba mchana sauti yake ilikuwa imebadilika. Furaha alimpandisha kwenye pikipiki, akakaa nyuma yake akimshikilia, mtoto wao Ange akiwa ameachwa kwa jirani. Hospitalini alichomwa sindano zote zinazotolewa kwa mtu mwenye mzio. Hazikufanya kitu, na siku zile hakuna kati yetu aliyejua kwa nini. Niliitwa kutoka maabara. Nilipofika wodini juu, Furaha alikuwa ameketi sakafuni na kiatu kimoja cha mumewe mkononi. Placide alikuwa amekufa akiwa macho, kwa kukosa pa kupitisha pumzi.

Siku ya kumaliza kilio Mwalimu aliita kikao sebuleni kwake. Walikuwepo wazee wa ukoo, watu wa kanisa, majirani, watu kama ishirini. Hakupaza sauti. Alisimama kama anayefungua somo.

"Sitaji jina," alisema, na akamtazama Furaha.

Furaha alikuwa na Ange mapajani. Ange alikuwa na miaka miwili.

"Baba, mi sikumupa kitu," Furaha alisema. "Ile chakula alikula, na mi nilikula. Mutoto pia alikula. Baba, we mwenyewe ulikula!"

Mzee mmoja, mjomba wa marehemu, aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: "Hali hii ya kuvimba ilianza lini?"

"Baada ya ndoa," Mwalimu alijibu.

Kisha akanitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango. Hakunikonyeza, hakunitisha. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama ukutani kuona kama saa bado inatembea. Nikatazama sakafu. Kulikuwa na simenti, na ufa mdogo, na mchwa wakipita ndani ya ufa. Mzee akasema, "Basi."

Kabla ya wiki kwisha watoto wa mtaani walikuwa wanamwita Furaha *umurozi*, mtia sumu. Ukishaitwa hivyo huku, hakuna atakayekuuzia wala kukununulia kitu. Alivuka mpaka na mfuko mmoja na mtoto mgongoni. Mwaka uliofuata binti wa Mwalimu, Consolata, aliolewa na mtu wa familia nzuri ya Mudende, na Mwalimu alitoa hotuba ndefu katika Kiswahili ambacho bwana harusi hakukielewa.

Miaka kumi ilipita. Nikimkuta Mwalimu barabarani nilimwamkia. Aliitikia. Tulikuwa na adabu sana, mimi na yeye.

Furaha alirudi asubuhi moja, akasimama kwenye dirisha la maabara yangu na msichana mrefu mwenye mabega ya Placide. Mkono wa kulia wa Ange ulikuwa umevimba hadi vidole havikunjiki. Kule Goma walikuwa wamempasua tumbo mwaka uliotangulia, wakitafuta kilichomuumiza, wasikute kitu.

"Vestine," Furaha aliniambia, "we uko na mashini. Angalia damu ya mutoto. Kama iko sumu, sema iko sumu."

"Furaha, si sumu."

"Sema tu. Juu mi nimefikiria miaka mingi. Labda kuko kitu kwa mikono yangu. Labda nilimuua bila kujua, na sasa niko naua huyu."

Nilimpeleka kwa daktari mmoja kijana aliyekuwa amehamishiwa kwetu mwaka huo. Alimsikiliza Furaha bila kumkatiza, akabonyeza mkono wa Ange, akauliza kama unawasha. Hauwashi. Akauliza kama kuna aliyevimba hivi katika ukoo.

"Baba yake," nilisema mimi.

"Tangu lini?"

Furaha alinitazama.

"Sikumbuki," nilisema.

Mimi mwenyewe nilitoa damu ya Ange. Niliizungusha kwenye mashine hadi nyekundu ikashuka, nikanyonya ile ya njano iliyobaki juu, nikaigandisha kwenye barafu. Kipimo chenyewe hatukuwa nacho. Plazma ilikwenda Kigali na kutoka Kigali ikatumwa nje ya nchi. Wiki sita baadaye daktari alituita wote watatu, akatuchorea kwenye karatasi.

"Ndani ya plazma kuna protini moja ambayo kazi yake ni kuzuia," alisema. "Ni breki. Ange anayo kidogo mno. Breki ikikosekana, maji ya damu yanatoka kwenye mishipa na kujaa chini ya ngozi, au tumboni, au kooni. Jino linaweza kuanzisha, au pigo dogo, au huzuni. Hili linarithiwa. Mzazi mmoja akiwa nalo, kila mtoto anayezaliwa ni nusu kwa nusu."

"Kwa hiyo haikuwa chakula?" Furaha aliuliza.

"Hapana, mama. Haikuwa chakula hata siku moja."

Furaha hakulia. Alimshika Ange kichwani kwa mikono yote miwili, akaiacha pale, na baadaye akaigeuza akavitazama viganja vyake, kama mtu aliyerudishiwa mikono.

Daktari alitaka damu ya babu na ya shangazi, kwa sababu Consolata alikuwa na watoto wawili. Nilitumwa mimi. Mwalimu alikuwa amestaafu, anakaa peke yake, na koti bado limefungwa vifungo vyote ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Damu yangu haina kasoro," alisema.

"Mwalimu, kuna watu wanaobeba hili na hawavimbi kamwe. Watoto wa Consolata…"

"Nani mwingine anajua?"

Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Niliondoka bila kuaga.

Mwezi uleule koo la Ange lilifunga. Walikuwa wamekuja hospitali kwa miadi ya kawaida, saa nne asubuhi, na msichana akaanza kukoroma akiwa ameketi kwenye foleni. Daktari hakupoteza muda na sindano za mzio. Aliagiza plazma ya watu wengine, ile inayotolewa na wachangia damu, kwa sababu ndani yake mna breki anayoikosa. Niliyeyusha mfuko wa plazma, nikapanda nao ngazi mbilimbili. Furaha alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mdomo wake kwenye sikio la mwanawe.

"Vuta pumuzi, mama. Vuta tena. Niko hapa."

Kufikia saa saba Ange alikuwa ameweza kusema "maji." Sauti mbaya, kama mlango usiotiwa mafuta. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Consolata alisikia habari, akaja siku ya pili kumwona binti wa kaka yake. Alisimama mlangoni mwa wodi akitazama uso wa Ange uliokuwa bado haujarudi sawa, kisha akaniomba tutoke nje. Kule koridoni alikunja mkono wa blauzi.

"Nipime," alisema. "Na mimi navimba tangu niko msichana. Baba alinifundisha niseme ni nyuki. Bwana yangu anajua ni nyuki."

Ndipo nilipomchukia Mwalimu kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia. Binti wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, alikuwa akibeba kifo kooni, na baba yake mwenye digrii ya baiolojia alikuwa amempa nyuki ajitetee nao.

Yeye mwenyewe alikuja wiki moja baadaye. Aliingia wakati wa chakula cha mchana, koridoni hakuna watu, akafuta kiti kwa leso, akaketi, akanyoosha mkono.

"Andika jina lolote kwenye chupa," alisema.

"Hapa damu inaandikwa jina la mwenyewe."

Nilidhani atainuka. Hakuinuka. Nilifunga mpira juu ya kiwiko chake, nikaandika jina lake kamili akiwa anaona, na damu ilipoanza kuingia kwenye chupa akaanza kusema, akitazama ukuta.

"Mama yangu alikufa hivyo. Nilikuwa na miaka tisa. Koo. Walisema ni mwanamke wa nyumba ya pili, mke mwenzake, wakachoma nyumba yake. Niliona. Alitoka na kuku mmoja kwapani."

Niliichomoa sindano, nikambandika pamba. Basi aliwahi kuona kwa macho yake mwanamke asiye na kosa akichomewa nyumba kwa ajili ya koo la mama yake, na alipozeeka akajua vizuri jinsi jambo hilo linavyofanywa.

Majibu yake yalirudi kama nilivyotarajia. Protini ileile, kidogo mno. Hajawahi kuvimba hata siku moja.

Furaha alidai jambo moja: watu walewale wakae tena katika sebule ileile. Baadhi walikuwa wameshakufa, lakini mjomba yule alikuwepo, na watu wa kanisa, na majirani, na Consolata na mumewe. Mwalimu alikubali haraka, na nilielewa kwa nini nilipoona ubao. Alikuwa ameazima ubao mdogo wa shule, ameutegemeza kwenye kabati.

Alifundisha karibu saa nzima. Lazima niseme lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kumsikia akifundisha. Alichora mishipa, akachora protini kama bawabu aliyesimama mlangoni, akachora vizazi vitatu kwa duara za wanawake na miraba ya wanaume, na kwenye mraba wa kwanza akaweka alama bila kusema ni nani. Alisema "familia fulani." Alisema "jamii zetu bado zina dhana potofu." Watu waliitikia kwa vichwa. Mama mmoja wa kanisa alipiga makofi.

Furaha akasimama. Hakuwa ameelewa ile michoro yote, na hakuihitaji.

"Muzee," alisema, "mi niko murozi ao siko?"

Mwalimu aliweka chaki chini, akapangusa vidole kwa leso.

"Swali hilo si la kisayansi," alisema.

Nilijikuta nimesimama. Sikupanga, sina ushujaa huo. Nilisema kwamba Placide alivimba mbele yangu tukiwa mwaka wa tatu wa sekondari, miaka mingi kabla hajamjua Furaha. Nilisema kuhusu mpira, na kuhusu nyuki, na kuhusu mkono wa Mwalimu begani mwangu. Nilisema alijua siku aliposema "baada ya ndoa" kwamba ni uongo. Consolata alianza kulia, na katikati ya kilio akamwambia mumewe mbele ya wote, "Na mimi. Si nyuki, ni damu yetu." Mumewe akasogeza kiti chake karibu na cha mkewe.

Mjomba mzee aliinuka kwa shida, akaenda hadi mbele ya Furaha, akavua kofia.

"Mwanangu, tulikukosea. Sisi wote tuliokaa hapa. Wewe si murozi na hukuwa."

Mwalimu alikuwa akifuta ubao.

Furaha alimpa mzee mkono, akamshukuru. Halafu akageuka kwangu. Nilikuwa bado nimesimama, na nakiri kwamba nilikuwa nikingoja shukrani yangu.

"Donc, kumbe we ulijua," alisema.

"Furaha, nilikuwa…"

"Ile siku ulikaa pale, karibu ya mulango. Nilikuangalia. Nilisema, Vestine alisoma na Placide, atasema kitu." Hakupaza sauti. "Miaka kumi, mi nilikuwa naogopa mikono yangu. Naosha, naosha, ndio napikia mutoto."

Akamshika Ange mkono, wakatoka.

Bado anamleta Ange hospitali. Msichana anakunywa vidonge vyake, amevimba mara mbili tu mwaka huu, anataka kusomea uuguzi. Furaha ananisalimia vizuri. Zamani aliniita Vestine. Sasa ananiita Madame.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja kwenye dirisha langu kuchukua nakala ya majibu yake. Amepungua, koti limemzidi mabega. Mtaani wengi hawamwamkii tena, na mimi nilimpa karatasi yake kwa vidole viwili, nikitaka aone kwamba ni vidole viwili. Aliona. Aliisoma karatasi yote, akaikunja mara nne.

"Unanidharau," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ni haki yako." Alikuwa akiongea polepole, kila silabi mahali pake. "Siku ile Consolata alikuwa ameshachumbiwa. Ningesema ni damu yetu, nani angemuoa? Nilimchagua binti yangu, nikamtupa binti wa watu. Nalijua jina la jambo nililofanya." Aliitia karatasi mfukoni. "Na wewe, Binti? Wewe ulikuwa unamlinda nani?"

Aliuliza bila ukali, kama alivyotuuliza darasani, na alingoja jibu kwa muda ambao mwalimu mzuri humpa mwanafunzi. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni na chupa zao. Kisha akaniaga, akaenda zake.

Nimeandika kurasa hizi zote juu yake, na swali lake bado sijalijibu.